Njia ya Elsa Uani Kwetu

Taabu yangu ilianza mwaka 1971, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ilikuja na harufu ya lami. Baba alikuwa amenunua nyumba ndogo ya mbao nje kidogo ya Tumba, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Waswidi waliijenga kwa ajili ya kulala wakati wa kiangazi tu, na Baba aliposema tutakaa humo mwaka mzima, watu walimtazama kama mtu aliyesema atalala mtoni. Kila jioni baada ya kazi alivua ovaroli ya kiwandani, akavaa nyingine iliyochakaa zaidi, akapaka lami ya msonobari kwenye magogo ya chini ili yasioze. Lami ile aliipasha moto ndani ya kopo la rangi, juu ya moto wa vijiti. Harufu yake iliingia kwenye mablanketi, kwenye mkate, kwenye nywele zangu. Darasani msichana niliyekaa naye alisogeza kiti chake mpaka ukutani. Mimi sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa mtoto wa mtu mwenye kiwanja. Watanzania na Wakenya wote tuliowajua walikuwa wapangaji, wengine wamebanana vyumbani Södertälje, wengine wakihamahama katika vyumba vya wanafunzi mjini. Baba yangu, mchomeleaji kutoka Machame, alikuwa na barua ya serikali yenye mhuri, inayomruhusu yeye mgeni kununua ardhi ya Uswidi. Aliitia kwenye fremu na kuitundika pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Baba alitangulia Uswidi kama mwanagenzi katika kiwanda cha malori, na walipoona kazi ya mikono yake wakambakiza. Mimi na Mama tulimfuata mwaka 1969. Kiswidi chake kilikuwa cha kiwandani: alijua majina ya vifaa vyote, saa za zamu, na matusi. Akitoka nje ya geti alikuwa kama bubu. Mama hakujua hata hicho. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la tatu nyumbani, wakaniingiza shule ya pale, na ndani ya miaka miwili nikawa nazungumza kama watoto wao. Kuzungumza ni kitu kimoja, kusoma karatasi za wakubwa ni kitu kingine, lakini nyumbani kwetu hapakuwa na mtu wa kutofautisha. Barua ya shule, barua ya kodi, maelekezo ya dawa, tangazo lililobandikwa mlangoni, vyote vilipita mikononi mwangu. Baba aliwaambia wenzake kazini kwamba binti yake anasoma Kiswidi kama mchungaji anavyosoma Injili. Wageni walipokuja aliniita, akanipa gazeti lolote lililokuwepo, nami nikasoma kwa sauti na kwa haraka, na wale wageni ambao hawakuelewa hata neno moja walitikisa vichwa kwa kuridhika. Sikuwahi kusema kwamba kuna neno silijui. Nikikutana na neno gumu nililiruka kama mtu anavyoruka dimbwi, nikatua upande wa pili na kuendelea. Nilikuwa na cheo ndani ya nyumba ile, na nilikilinda.

Siku ya kutia sahihi tuliketi katika ofisi yenye joto kali, Baba kulia kwangu, Mama nyuma, na mbele yetu dalali mwenye miwani. Karatasi zilikuwa tatu. Dalali alisoma kifungu baada ya kifungu, mimi nikamfasiria Baba. Vifungu vitano vya kwanza vilikuwa rahisi: majina, bei, mipaka, tarehe ya kuhamia, jiko linabaki. Kifungu cha sita alikisoma polepole zaidi. Niliona neno la kisima, nikaona neno la njia, nikaona namba ya kiwanja ambacho si chetu, na katikati ya hayo yote neno moja la kisheria ambalo sijawahi kulisikia maishani. Dalali alivua miwani. Aliniuliza kwa upole, "Umeelewa, msichana? Hapa ni muhimu sana baba yako aelewe." Nilisema nimeelewa. Baba aliweka mkono begani kwangu, mkono mzito wenye alama za cheche, akauliza, "Wanasemaje hapo, mwanangu?" Nikamjibu, "Ni habari za kisima, Baba. Kiko sawa." Akatia sahihi. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, na alipomaliza alipuliza wino. Dalali alinipa nafasi kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nikaikataa kwa sababu sikutaka Baba ajue kwamba binti yake anaweza kukwama.

Nyuma ya kiwanja chetu, ndani zaidi ya msitu, kulikuwa na nyumba nyingine ndogo kuliko yetu. Alikaa humo bibi mmoja mjane aliyeitwa Elsa, mwembamba, wa miaka sabini na kitu, ambaye majira yote alivaa kofia ileile ya sufu. Uani kwetu kulikuwa na kisima chenye pampu ya mkono, na kando yake kijia kilichokwenda moja kwa moja mpaka barabarani. Kila siku asubuhi Elsa alikuja akisukuma kigari chenye ndoo mbili, akapita hatua tano tu kutoka dirisha la jikoni, akapampu maji na kurudi. Siku za kwenda dukani alipita na baiskeli. Hakugeuza shingo hata siku moja. Aliinamisha kichwa, akaharakisha, akatoweka kwenye miti. Leo, baada ya kuishi na watu wale zaidi ya miaka hamsini, najua kwamba ile ilikuwa adabu yao. Mtu wa pale akipita karibu na nyumba yako hatazami ndani, ili ujione uko peke yako. Elsa alikuwa akituheshimu kwa namna aliyofundishwa na mama yake. Sisi tuliona kinyume kabisa.

Kwetu Machame nyumba zimebanana ndani ya migomba, na hakuna anayefika kwake bila kupita kwa mwenzake. Vijia vyote vinakatiza kwenye nyua za watu. Lakini hupiti kimya. Unakohoa kabla hujafika, unamwita mwenye nyumba kwa jina la ukoo wake, unauliza watu wameamkaje na ng'ombe ameamkaje, unajibiwa, ndipo unapita. Ukipita kimya siku moja, watauliza kama umefiwa. Ukipita kimya siku nyingi, umetangaza ugomvi, na mwenye ua akiziba kijia chake hakuna mzee wa ukoo atakayekutetea. Njia ilikuwa maneno baina ya watu wawili, na maneno yakikatika, njia nayo imekatika. Hivyo ndivyo Baba alivyolelewa, na ndivyo alivyomsubiri Elsa. Alitoka kizingitini kila alipokuwa hana zamu ya asubuhi, akasimama, akakohoa. Elsa alisema salamu fupi kwa sauti ya chini bila kusimama. Baba alimkoholea bibi yule karibu kiangazi kizima. Mama alimwambia amwache, labda ni mgonjwa. Baba akasema mgonjwa gani anayebeba ndoo mbili.

Jumapili moja alikuja Bwana Wafula, Mkenya wa Bungoma aliyekuwa zamu moja na Baba, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Tulikuwa tunakula nje. Elsa akapita na baiskeli yake, kichwa chini. Wafula alimfuata kwa macho, kijiko kikiwa hewani. "Huyo ni nani?" Baba akasema ni jirani. "Jirani gani hasalimii watu wakila? Ndugu yangu, wewe ulinunua shamba ama ulinunua stendi ya basi?" Mama alicheka kidogo. Baba hakucheka. Wafula alipoona amegusa mahali, akaongeza, "Wacha nikuambie. Hawa watu wanakupima. Leo ni baiskeli, kesho ni trekta. Karatasi yako inasema aje?" Baba akasema karatasi inasema kiwanja ni chake, binti alisoma yote. Wafula akanigeukia. "Yote?" Nikasema, "Yote, mjomba." 

Kesho yake nilimfuata mwalimu wetu wa Kiswidi wakati wa mapumziko, nikamtajia lile neno. Nilikuwa nimelibeba kichwani miezi yote hiyo. Aliniuliza nimeliona wapi, nikasema kitabuni. Akachora ubaoni miraba miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na mbele yake mstari wa barabara. Alisema mwenye kiwanja cha nyuma, asipopita katika kiwanja cha mbele, ni kama amekaa kisiwani. Kwa hiyo sheria inampa haki ya kupita, na pengine ya kuchota maji, na haki hiyo inaandikwa serikalini. Si fadhila ya mwenye kiwanja cha mbele, alisema, na wala si mali ya mtu fulani. Ni mali ya kile kiwanja cha nyuma. Watu wanauza, wanakufa, wanagombana, wanaacha kusalimiana, lakini haki inabaki ardhini. Anayenunua kiwanja cha mbele ananunua pamoja na mzigo wake, na ndiyo maana lazima aambiwe kabla hajatia sahihi. Kisha akafuta ubao. Nilimwelewa vizuri sana. Sijawahi kuelewa somo lolote kama lile.

Nilitembea kutoka kituoni nikipanga namna ya kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: Baba, kuna kitu sikukisoma. Nilipofika nyumbani nilikuta nguzo zimelazwa kwenye nyasi, zimeshapakwa lami, na Baba akichimba shimo la kwanza katikati ya kijia. Alikuwa akiimba. Nikasema, "Shikamoo, Baba." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Njoo unishikie hii." Nikaweka mkoba chini, nikaishika nguzo, naye akaipigilia. Tulifanya hivyo siku tatu, mimi nikishika na yeye akipigilia, mpaka ua ukafika kutoka kwenye mwamba upande mmoja hadi mtaroni upande wa pili. Aliuwekea mbao za mlalo, zilizopigwa randa vizuri, maana Baba hakuweza kufanya kazi mbaya hata ya ugomvi. Siku ya nne Elsa alikuja na kigari chake. Alisimama upande wa pili wa ua. Kwa mara ya kwanza alitazama dirishani kwetu, moja kwa moja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Kisha aligeuza kigari na kurudi alikotoka, na ndoo zile tupu zikawa zinagongana.

Baada ya wiki moja tulipata barua yake, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi yenye mistari. Baba aliketi mezani, Mama akakausha mikono, wakanisubiri. Nilisoma kwanza kimya. Elsa aliandika kwamba anajua watu wageni wanahitaji muda. Kwamba njia ile iliandikishwa tangu enzi za mume wake, na bila shaka tumeiona kwenye karatasi za kununulia. Kwamba kama pampu inatuamsha asubuhi, yuko tayari kuja mchana. Aliomba geti tu, upana wa kupita lori la kuni, na geti hilo atalipaka rangi yeye mwenyewe. Alisema kama ametukosea bila kujua tumwambie, na kwamba Jumapili yoyote kahawa ipo. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuletewa nizisome. Nikainua kichwa, nikasema hivi: "Anasema tubomoe ua, la sivyo atatuitia polisi. Anasema watu kama sisi hawajui kuishi na majirani."

Sitafuti mtu wa kunionea huruma kwa kuwa nilikuwa mtoto. Nilijua nilichofanya. Kama ningeisoma barua ile ilivyo, Baba angeuliza, karatasi gani za kununulia, na mimi ningekwisha. Kwa hiyo nilimvisha bibi wa watu maneno ya jeuri, na nilichagua yale ambayo nilijua Baba atayaamini haraka, kwa sababu alishayasikia kwingine, kwenye treni na dukani. Uso wake ulibadilika. Hakupandisha sauti. Alichukua barua, akafungua mlango wa jiko, akaitia ndani. "Hatujibu," alisema. "Atajua kama tunajua kuishi."

Majira ya baridi yale yalikuwa marefu. Elsa alizungukia kwenye kinamasi nyuma ya nyumba yake, kwanza kwa kukanyaga mbao alizolaza mwenyewe, kisha, barafu ilipokaza, kwa kuvuta sleji. Maji aliyapata kwa kuyeyusha theluji. Lori la kuni lilikuja siku moja Baba akiwa amelala baada ya zamu, likapiga honi mbele ya ua. Dereva aliniona uani, akaniambia niende nikamwambie baba yangu afungue. Nikasema Baba hayupo. Akamwaga kuni kando ya barabara, theluji ikazifunika, na Elsa akawa anakuja kuzichukua chache chache kwa kuzunguka kinamasi. Nilimwona kutoka dirisha la basi la shule, akiziondolea theluji kwa mkono, moja baada ya nyingine. Moshi wa bomba lake ulikuwa mwembamba, na mwezi wa Februari haukuonekana tena. Tulisikia kwamba mtoto wa dada yake alikuja kumchukua, amempeleka kwa huyo dada, Farsta. Baba alisema, "Basi amechoka." Alisema polepole, na sikusikia furaha ndani yake. Nadhani alikuwa amemsubiri aje apige hodi.

Theluji ilipoisha alikuja mpima ardhi wa serikali, mwenye viatu vya mpira na mkoba wa ramani. Alikuwa mtu mtaratibu. Alimpa Baba mkono, akatandaza karatasi juu ya mfuniko wa kisima. Moja ilikuwa ya zamani, yenye mihuri iliyofifia. Nyingine ilikuwa nakala ya mkataba wetu. Aliweka kidole kwenye kifungu cha sita, akaniomba nimfasirie Baba neno kwa neno. Safari hii nilisoma yote. Haki ya kupita kwa miguu na kwa gari, upana wa mita tatu, na haki ya kuchota maji kisimani, kwa manufaa ya kiwanja cha nyuma, milele. Mpima ardhi alienda kupigilia vijiti vyenye rangi nyekundu, akatuacha. Baba aliinama juu ya karatasi. Kisha akauliza, "Hii ilikuwepo siku ile?" Mimi nikasema, na hapa mkono wangu unataka kukataa kuandika, "Labda waliiongeza baadaye, Baba." Alitazama chini ya ukurasa. "Sahihi yangu hii hapa," alisema. "Mimi ndiye sikuuliza vizuri. Kosa ni langu." Akaenda kutafuta nyundo.

Ua aliung'oa peke yake, Jumamosi mchana kweupe, majirani wote wakipita. Sikuombwa kushika chochote. Jumapili yake alivaa suti aliyoivaa siku ya kupokea kibali cha kununua ardhi, tukaenda Farsta, yeye, Mama na mimi. Kwetu mtu aliyekosa hubeba jani la isale, mmea ule wa mipakani, na ukipelekewa isale huwezi kukataa kusikiliza. Uswidi hakuna isale. Mama alikuwa amekata tawi la msonobari, lakini Baba akalikataa, akasema afadhali kwenda mikono mitupu kuliko kubeba jani la kubahatisha. Elsa alitufungulia mwenyewe. Alikuwa na fimbo, na bila ile kofia alionekana mdogo. Tukaketi. Baba akasema kwa Kiswahili, akimtazama yeye wala si mimi, kwamba amekuja kuomba radhi, kwamba hakujua, kwamba kama angejua asingepigilia hata msumari mmoja, na kwamba njia iko wazi na yeye mwenyewe atambebea kuni mpaka mlangoni. Yote hayo niliyafasiri sawasawa. Elsa alisikiliza, kisha akasema, "Lakini mimi nilimwandikia. Nilieleza kila kitu, hata rangi ya geti. Kwa nini hakunijibu?"

Baba akanigeukia, anasubiri. Nikasema, "Anasema yamekwisha, Baba. Anashukuru umekuja."

Uso wa Baba ulifunguka. Aliinuka, akaushika mkono wa Elsa kwa mikono yake miwili, akainama kama anavyoinamia wazee wa kwao. Elsa akamtazama. Hakuna mtu anayeulizwa swali kama lile akafurahi vile, na bibi yule hakuwa mjinga. Akaacha kumtazama Baba, akanitazama mimi, na macho yake hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa nayo. Akamimina kahawa. Akakata mkate mtamu wa iliki, akaniwekea mimi kipande cha kwanza. "Kula," alisema. Nikala, nikamaliza chote. Tulipokuwa kwenye treni ya kurudi, Baba akitazama nje huku akipiga mluzi, Mama alinisogelea sikioni, akasema kwa lugha ya nyumbani, "Yule bibi alisema maneno mengi. Wewe ukasema machache." Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala baadaye, mpaka alipofariki.

Elsa hakurudi msituni. Mwaka uliofuata aliuza, wakaja watu wenye gari, wakapita uani kwetu kila siku bila kutazama dirishani, na Baba akawa wa kwanza kuwasalimia bila kungoja. Mimi niliacha shule sheria iliponiruhusu tu, nikasema nimechoka na vitabu. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kuona karatasi ikiletwa mezani. Nilichukua ufagio. Nilisafisha ofisi za watu, ngazi za watu, vyoo vya stesheni, nikanunua mashine yangu ya kwanza ya kusugulia sakafu, nikaajiri mwanamke mmoja, kisha watano. Hakuna aliyenishika mkono, na hilo nalisema kwa kujivuna. Baba alifariki mwaka 1994. Tulimzika Machame, na baba yangu mdogo alisimama mbele ya watu akasema marehemu alimwandikia mara nyingi kwamba kule Ulaya binti yake ndiye aliyekuwa macho yake. Watu walinigeukia kwa heshima. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Siku hizi vijana wa huku, Wakenya, Watanzania, Wakongo, wakitaka kununua nyumba huja kwangu na karatasi zao, maana nimenunua na kuuza mara kadhaa. Watoto wao wanawajibu kwa Kiswidi na wanasoma vizuri kuliko nilivyowahi kusoma. Majuzi walikuja mume na mke kutoka Kisii, na binti yao wa miaka kumi akatusomea. Kwenye kifungu kimoja alisita, akatazama viatu vyake. Mama yake akamhimiza, "Endelea, wewe si ni mwerevu." Nikamwambia mama yule anyamaze. Nikamwambia mtoto aseme hajui. Ilichukua muda. Aliposema, tulilitafuta lile neno pamoja, na kumbe lilihusu bomba la maji taka linalopita chini ya kiwanja cha jirani. Wazazi waliona nimefanya jambo kubwa kwa kitu kidogo. Sikuwaeleza. Sijapata kumweleza mtu yeyote mpaka leo ninapoandika, na wote waliostahili kuelezwa wameshakufa, kwa hiyo ninyi mnaosoma mnapokea kitu ambacho si chenu.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Kampuni ya usafi yenye wafanyakazi ishirini na sita. Magari mawili ya kazi na moja la kutembelea. Fleti moja Södertälje, anakaa mjukuu wangu. Kihamba, shamba la migomba, cha nusu eka Machame, nilichonunua mwenyewe, kwa kuwa mwanamke hakurithishwa. Na nyumba ya Tumba, niliyoachiwa na Baba, pamoja na kisima chake, ikiwa na mzigo wa njia ya mita tatu kwa manufaa ya kiwanja cha nyuma.